Goti la Inchi Kumi na Nane na Nusu

Wodi ya Mifupa,
Kitanda Namba 7.
Jumanne, baada ya raundi ya madaktari.

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,
na kwa Kamati ya Malalamiko itakayokaa Alhamisi.

Ndugu Mganga Mkuu,

KUH: GOTI KUKUA BAADA YA KUKABIDHIWA MTEJA, PAMOJA NA MWENENDO WA SISTA WA CHUMBA CHA VIDONDA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako, na kwamba magoti yako mawili yanalingana. Yangu hayalingani, na hilo ndilo linalonifanya nikuchoshe kwa maandishi haya marefu. Nimejaribu kuyafupisha lakini kila nikipunguza upande mmoja naona upande wa pili unaning'inia.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka arobaini na minne. Mtaani wananiita Fundi Robo, kwa kuwa sijawahi kukosea nguo ya mtu kwa zaidi ya robo inchi. Siandiki haya kujisifu. Naandika ili Kamati ijue kwamba anayelalamika ni mtu wa vipimo, si mtu wa maneno. Cherehani yangu ni ya miguu, na mguu unaokanyaga ni wa kulia. Goti la mguu huo lilipokwisha kabisa, likawa linalia kama mlango wa stoo kila nikikanyaga, nililetwa hapa na mke wangu, mkanitoa goti la Mungu mkaniwekea la chuma na plastiki. Siku ya nne niliruhusiwa kwenda nyumbani. Mpaka hapo sina neno, na chai ya wodini ilikuwa ya moto.

Leo ni siku ya ishirini na nipo tena kitandani. Dripu inaingia mkononi mara tatu kwa siku. Goti limeshafunguliwa mara ya pili na kuoshwa ndani, na kesho asubuhi litafunguliwa mara ya tatu. Daktari wa mifupa amenieleza bila kunificha: wakikuta bado ni pachafu watalitoa lile goti jipya lote, waweke saruji yenye dawa, na nikae nalo miezi mitatu mguu umenyooka kama ubao wa kupigia pasi. Baada ya hapo watatazama kama kuna la kuwekwa tena. Huenda lisiwepo. Fundi asiyeweza kukanyaga ni mzee tu aliyekaa karibu na cherehani. Naogopa, Ndugu Mganga Mkuu, nalisema wazi, na mtu mwenye hofu anastahili kujua nani wa kulaumiwa. Nimemjua. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sikupimwa. Daktari wa mifupa ni kijana mpole, mwenye mikono laini kuliko mteja yeyote niliyepata kumhudumia. Siku ile ya kwanza nilisimama mbele yake, nikajinyoosha, nikamsubiri atoe futi. Hakutoa. Alitazama picha ya eksirei kwenye taa, akapiga mstari mmoja, akasema saizi ya kati itanifaa. Saizi ya kati ni lugha ya wauza nguo za kutundikwa. Mimi hata mtoto wa miezi sita simshonei saizi ya kati.

2. Mshono. Nilishonwa kwa pini za chuma, mithili ya zile za kubania karatasi za ofisini. Ziko ishirini na tisa. Ya kumi na moja imepinda kuelekea kushoto, na kati ya ya kumi na nane na ya kumi na tisa pengo ni kubwa kidogo kuliko mengine. Kamati itajiuliza nimeyajuaje haya ilhali kidonda kilikuwa kimefunikwa kwa plasta isiyotakiwa kuguswa mpaka siku ya kumi na nne. Jibu liko kwenye lalamiko la nne. Naomba msirukie huko, mambo yaende kwa zamu.

3. Sabuni. Sista wa chumba cha vidonda, ambaye wodi nzima wanamwita Bi Sabuni na yeye anaitika, ana tabia ya kunidhalilisha. Kabla ya kunigusa ananawa. Akishanigusa ananawa. Akiacha goti langu akagusa pazia tu, ananawa upya ndipo arudi kwangu. Anasugua kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kiwiko, huku anahesabu kimoyomoyo, nami nimekaa pale mguu wazi kama kitu kilichookotwa mtaroni. Ningekuwa na tabia hiyo kila mteja akiingia kibandani kwangu, nani angerudi mara ya pili? Halafu shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuja kunijulia hali. Kama muungwana yeyote alinyoosha mkono aliwekee goti kiganja na kusema pole. Yule sista alimshika mkono ungali hewani, akampeleka kwenye sinki, na alipomrudisha akamwambia, "Pole inatosha kwa mdomo, baba." Shemeji yangu ni mwenyekiti wa mtaa. Hajapelekwa kwenye sinki tangu alipokuwa na miaka mitano.

4. Goti kukua. Hili ndilo lalamiko mama.

Nilipofika nyumbani nililazwa kwenye chumba cha mbele, chenye cherehani. Kesho yake asubuhi nikaona nifanye ambalo hospitali haikulifanya, yaani kulipima goti. Futi yangu ni ya kitambaa, ya njano, nilirithi kwa fundi aliyenifunza kazi, na kila siku ya Mungu iko shingoni mwangu. Haijawahi kufuliwa hata mara moja, kwa sababu maji hurefusha kitambaa, na futi iliyorefuka ni muongo aliyevaa namba. Kwa hiyo naweza kuapa mbele ya Kamati kwamba inasema kweli. Imezunguka viuno vya watu wa mtaa mzima, wazima na wagonjwa, kwapa za wapiga ngoma na shingo za watu wazito, na haijawahi kupingwa.

Sasa, fundi hampimi mteja juu ya koti. Plasta ni koti. Kila asubuhi niliifungua kwa uangalifu, nikazungusha futi penyewe, nikaandika kwenye daftari la vipimo, nikaifunga tena ileile ili nisiharibu mali ya hospitali. Siku ya nane gundi iliisha. Niliibana kwa pini zangu mbili nzuri, zile ninazozishika mdomoni nikiwa napinda mikono ya shati. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza mbona nafungua kilichosemwa kisifunguliwe. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Alikwenda kunawa mikono, ambayo wala haikuwa imegusa kitu. Mke wangu ni mwepesi wa kukubaliana na watu wenye sare.

Haya ndiyo niliyoyapata, nayanakili kutoka daftarini bila kuongeza wala kupunguza:

Siku ya tano, inchi kumi na sita na nusu.
Siku ya sita, kumi na sita na robo.
Siku ya nane, kumi na saba. Pana joto kidogo.
Siku ya kumi, kumi na saba na robo tatu. Jekundu. Futi imelowa kidogo kwenye namba tisa.
Siku ya kumi na mbili, kumi na nane na nusu. Joto jingi. Maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nimetetemeka chini ya mablanketi mawili.

Kamati itazame yenyewe. Goti lilianza kwa kupungua, kama nguo nzuri inavyokaa mwilini baada ya kuvaliwa, halafu likabadili nia. Nilifikiri sana nikaona maelezo ni moja tu: niliwekewa goti la mtu mkubwa kuliko mimi, nalo likawa linatafuta saizi yake.

5. Kutoelezwa vizuri. Sista anadai kwamba siku naondoka alinipa karatasi, na kwamba ilisema nikiona joto, wekundu, maji au homa nije siku hiyohiyo, nisingoje miadi. Sikatai kwamba karatasi ilikuwepo. Ilikuwa ngumu, safi upande mmoja, na ina upana wa kutosha kuchora kiolezo cha kola, nami siku hiyo nilihitaji kiolezo cha kola. Hata ningeisoma, nimelelewa katika kazi ambayo mteja akiambiwa aje siku ya kumi na nne anakuja siku ya kumi na nne. Wanaokuja kabla wanakusimamia mlangoni na kukutia kiwewe mpaka unakosea. Nilivumilia siku mbili za homa kwa adabu, ili nisimtie mtu kiwewe. Siku ya kumi na nne nilifika saa mbili kamili asubuhi, nikiwa nimebebwa. Sista alipofunua aliangalia zile pini zangu mbili kwa muda. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Baba, hizi za kwetu?" Nikamwambia hapana, ni za kwangu na ni nzuri zaidi. Akatoka nje. Naomba Kamati izingatie kwamba mtumishi wa umma alimwacha mgonjwa na kutoka nje. Alirudi baada ya kunawa uso.

6. Kusingiziwa wadudu. Niliambiwa goti limeingiwa na vijidudu visivyoonekana. Vikishatua juu ya chuma vinajijengea utando kama ukoko wa sufuria, na dawa inapita juu yake bila kuvigusa. Ndiyo maana chuma kinaweza kulazimika kutolewa, maana nyama ina damu ya kujitetea lakini chuma hakina mtetezi. Maelezo yalikuwa mazuri na niliyafuata vyema. Swali langu likawa ambalo lingekuwa la mtu yeyote mwenye akili: vilitoka wapi? Nyumbani kwangu panafagiliwa mara mbili kwa siku. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwaka huu hakuna aliyekaa karibu na nguo yangu kuliko sista huyu. Anayenawa kiasi hicho ana kitu anachokificha.

Ijumaa nilidai kwa sauti, wodi nzima ikisikia, kwamba mikono yake ipimwe maabara, pamoja na vyombo vyake, sinki lake na kila kitu kilichogusa goti langu. Nilitegemea abishe. Alileta mwenyewe vijiti vya pamba, akamwomba sista mwenzake amfute viganja mbele yangu, akaandika namba kwenye vichupa. Tangu hapo nimesikia wakinong'ona kwamba lalamiko langu likithibitika ataondolewa chumba cha vidonda na kupelekwa stoo ya mashuka, na kwamba hicho chumba amekikalia miaka kumi na tisa. Sikufurahi kusikia hivyo, lakini haki haina shangazi.

Na ili Kamati isidhani napendelea upande wangu, Jumamosi alasiri niliikabidhi futi yangu nayo ipimwe. Niliitoa shingoni kwa hiari. Nilisema hiyo iwe shahidi mwaminifu, wengine wote walinganishwe nayo. Sista aliipokea kwa mikono miwili, kwenye mfuko wa nailoni, kwa heshima ambayo kwa kweli ilinishangaza.

7. Ushahidi wa kulinganisha. Fundi mzuri hategemei mteja mmoja. Kitanda namba sita amelala dereva mstaafu wa malori, mtu wa mzaha na moyo mwema, ambaye alibadilishwa nyonga Alhamisi. Ndiye aliyenigawia redio yake. Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kabla sijaikabidhi futi, sista alipokwenda kufuata dripu, nilimwomba Dereva ruhusa nimpime, nione kama hospitali imemkosea na yeye. Alicheka akasema nimshonee na suruali kabisa. Nilishuka kwa magongo, nikainua plasta yake pembeni, nikapitisha futi juu kidogo ya mshono. Inchi ishirini na mbili na robo. Alinishukuru. Nilikusudia kumpima kila asubuhi mpaka Kamati ikae, na nasikitika kwamba futi bado iko maabara na ushahidi umekatika.

Kutokana na hayo saba, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Sista wa chumba cha vidonda aondolewe kwenye chumba hicho kabla ya kesho asubuhi, ili nikitoka kwenye upasuaji nisifungwe na mikono yake.

(b) Goti lirudishwe kwenye inchi kumi na tano, kipimo changu cha asili, ambacho mke wangu anaweza kukithibitisha kwa suruali ya harusi.

(c) Hospitali iajiri fundi cherehani mmoja mwenye futi ya kuaminika, awe anawapima wagonjwa wote wa mifupa kila asubuhi, kitanda kwa kitanda. Niko tayari kujitolea.

(d) Sabuni ipunguzwe, au walau unawaji ufanyike nyuma ya pazia, mgonjwa asione.

Naamini utayapokea haya kwa moyo uleule nilioandikia, ambao ni moyo wa mtu anayependa kazi ya mikono ifanywe sawasawa. Nisalimie daktari wa mifupa, umwambie mstari wake juu ya eksirei ulinyooka. Wasalimie wapishi, mfagiaji wa korido anayeimba, na mlinzi wa getini aliyenibebea magongo. Familia yako uifikishie heri zangu, na mwenye suruali inayobana miongoni mwenu asione haya kufika kwangu nikishapona.

Wako katika vipimo,
Fundi Robo,
Kitanda Namba 7.

Nyongeza. Nilikuwa nimeikunja barua hii lakini sijaitia kwenye bahasha. Majibu ya maabara yamekuja saa tisa alasiri. Sista aliyaleta mwenyewe, akavuta pazia, akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mikono yake haina kitu. Vyombo vyake havina kitu, na hata sinki ni safi. Kwenye goti langu na kwenye futi yangu vimeota vijidudu vilevile, ndugu wa tumbo moja, na kwenye futi ni vingi kuliko maabara ilivyozoea kuhesabu. Ile methali ya lalamiko la sita niliiandika sawasawa. Nguo tu ndiyo niliyokosea.

Nilingoja anicheke. Aliniambia taarifa hiyo ataipeleka Alhamisi kama ilivyo, bila neno lake juu yake, na kwamba kesho ndiye aliye zamu, ila kama sitaki anifunge yeye kidonda atamwomba mwenzake. Mimi sikuwa namsikiliza vizuri. Nilikuwa nafikiria kitanda namba sita.

Nikamwambia. Yule mwanamke niliyeandika kurasa zote hizi juu yake hakuniuliza kwa nini. Alisimama, akanawa, akaita daktari, wakafunua nyonga ya Dereva pale pale. Pakavu, lakini pana joto kidogo upande ule nilioinua mimi. Wamechukua kijiti cha pamba na wamemwanzishia dawa. Jibu ni keshokutwa, Alhamisi, siku ya Kamati.

Ndugu Mganga Mkuu, ombi langu la (a) ligeuze. Kesho nikitoka huko ndani, nikiwa na goti au bila goti, nifungwe na sista huyu na si mwingine, na kabla yangu amtazame Dereva. Kamati nayo, kila ilipoandikwa humu kwamba sista amekosa, isome kwamba nimekosa mimi. Ile futi ichomwe. Msinirudishie, maana nikiiona nitaivaa.

Dereva alipobaki peke yake aliniuliza kulikuwa na nini. Nilimweleza yote, tangu namba tisa iliyolowa. Alizima redio. Halafu akaniuliza swali moja tu, kama siku ile, kabla sijamgusa, nilikuwa nimenawa.

Nikamwambia hapana. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote yafutwe, na mwanze na la tatu, lile la sabuni.